Spesho, mtumba au fundi? Jinsi ya kuwa na nguo chache na bado upendeze

Mwaka jana mwezi wa 3 nilihama kutoka Tabata kwenda Kimara, hapa hapa Dar, na wakati wa kufungasha ndo nikajua nina nguo 112, hapo sijahesabu kanga wala za ndani. Nilizimwaga zote kitandani nikaanza kutenga zile ambazo kweli nimezivaa ndani ya miezi mitatu, zikatoka 23. Zilizobaki zilikuwa zinakaa tu, nyingine nimevaa mara moja kwenye sherehe, nyingine nilinunua zikiwa zinabana nikasema nitapungua, na moja bado ilikuwa na kile kikaratasi cha bei kinaning'inia kwapani. Nikakaa chini nikapiga hesabu ya hela iliyolala pale kitandani, yani ilikuwa inatosha kodi ya miezi kadhaa na chenji inabaki.

Sasa tatizo ni kwamba mimi napenda nguo, napenda kabisa. Nimelelewa na shangazi ambaye hata kwenda sokoni kununua dagaa anaoanisha kanga na kilemba, na ukimuuliza anakwambia mwanangu, mtu akikuona ajue umeamka vizuri. Kwahiyo wale wanaosema ukitaka kupunguza kununua basi achana na fasheni, vaa dera siku zote yaishe, hao hatuelewani. Ila na wale wa kila wikiendi mzigo mpya nao nimeshindwa kwenda nao. Nikaona bora nijiulize swali moja tu, hii raha ya nguo naipata wapi hasa? Ni pale ninapotafuta, pale ninaponunua, pale ninapovaa, au pale watu wanaponiona? Maana nimegundua spesho (yani nguo mpya za dukani), mtumba na fundi kila moja inampa mtu raha yake tofauti, na ukikosea utanunua wee na bado unajiona huna cha kuvaa.

Nikaamua nijaribu kwa kitu kimoja. Nilihitaji gauni jeusi, la kuvaa ofisini na jioni nikipitia kikao cha harusi lisinitie aibu. Badala ya kununua moja nikalitafuta kwa njia zote tatu, nikaandika kwenye daftari kila siku niliyovaa lipi. Najua magauni matatu meusi si kupunguza nguo, ila nilitaka jibu la kweli maana maneno ya watu nilishayasikia ya kutosha, na mawili kati ya hayo nilishajua nitampa mdogo wangu.

Naanza na spesho, kwa wasio wa Dar hizi ni nguo mpya za dukani, nyingi zinatoka China na Uturuki, zinashushwa Kariakoo halafu zinasambaa kwenye maduka ya mitaani na kurasa za Instagram. Nililiona la kwangu kwenye simu usiku, picha nzuri, kitambaa kinaonekana kizito kinaanguka vizuri. 45,000, na boda 5,000. Limekuja ni poliesta nyepesi, ukisimama kwenye mwanga mguu unaonekana, na mara ya nne kulivaa mshono wa bega ukaachia nikiwa kwenye daladala. Nikampelekea fundi akasema dada, hapa nguo imekatwa pembeni kabisa ya mshono, hamna pa kushikia, nikishona tena itakubana. Basi likaishia hapo.

Sisemi spesho zote ni hivyo, hapana. Suruali zangu mbili za ofisini ni za dukani na zina mwaka wa pili huu. Spesho ina sifa moja ambayo zingine hazina, unapata saizi yako na rangi yako leo hii, ukiwa na usaili kesho asubuhi huwezi kwenda kumsubiri fundi. Na nguo za ndani usijadiliane na mtu, nunua mpya, TBS yenyewe, wale wa viwango, ilishapiga marufuku za mtumba na sababu ni ya afya. Ila ushauri wangu ukinunua spesho nenda ukaishike. Vuta kitambaa, geuza ndani uangalie mshono, angalia kama wameacha kitambaa cha ziada kwenye maungio au wamekata hapo hapo, vuta zipu juu chini mara tatu. Muuzaji mzuri hakasiriki. Mtandaoni huwezi kufanya hata kimoja kati ya hivyo.

Alafu kuna hili la haraka. Spesho imejengwa kwa haraka, kila wiki ni mzigo mpya umeingia, vimebaki vipande viwili, wahi. Nilivyochunguza daftari langu la matumizi nikaona karibu kila spesho niliyojuta niliinunua kati ya saa nne na saa sita usiku, nimechoka, nimelala na simu. Pale raha ilikuwa ni kununua tu, kuvaa hakukuwepo kabisa, na ile raha ya kununua asubuhi imeshaisha. Nikazima kurasa zote nilizokuwa nafuata nikabakisha mbili. Hicho peke yake kimenipunguzia zaidi kuliko nia zote nilizowahi kuweka mwezi wa kwanza.

Mtumba sasa. Hili la pili nililipata soko la Karume, Jumatano asubuhi, siku ambayo yule kaka ninayenunua kwake alinipigia simu kwamba wanafungua belo, yani furushi zima la mtumba, la magauni. Pamba nzito, mikono mirefu, mshono wa ndani umefunikwa vizuri, 12,000. Kiuno kilikuwa kipana nikapeleka kwa fundi akapunguza kwa 4,000. Jumla 16,000. Nimelivaa mara 31 kwa mwaka huo na halijapauka.

Mtumba una mambo yake na anayeuelewa hawezi kuuacha. Ukienda mapema belo likifunguliwa unakutana na zile nzuri zenyewe kabla wenye maduka hawajazibeba, ukienda saa tisa mchana unakuta zilizomwagwa kwenye turubai chagua jero (mia tano) chagua buku (elfu moja), na hata hapo ukiwa na jicho unatoka na kitu. Geuza nguo ndani nje. Angalia kwapani, angalia kola, inyanyue kwenye jua uone kama kuna vitobo vya nondo, angalia mapajani kwa suruali maana ndo panapoisha kwanza. Soma ile lebo ya ndani, ikiandikwa pamba au sufi au kitani kwa bei ile, hicho kitambaa kikiwa kipya dukani pengine usingekigusa. Ukifika nyumbani loweka maji ya moto kama kitambaa kinaruhusu, anika jua kali, piga pasi.

Lakini mtumba una mtego wake na mimi umeninasa miaka mingi. Raha yake ni kuwinda. Ile ya kupekua pekua mpaka unakutana na blauzi ya hariri katikati ya matambara, moyo unadunda kabisa. Na kwa sababu bei ni ndogo hamna kinachokuzuia, buku mbili ni buku mbili lakini ukibeba kumi ni elfu ishirini na kati ya hizo utavaa tatu. Kati ya zile nguo 112 zaidi ya 60 zilikuwa za mtumba. Kwahiyo nikisikia mtu anasema yeye anatunza mazingira kwa sababu anavaa mtumba tu, namuuliza taratibu, kabati lako limejaa? Mtumba unasaidia pale unapochukua nafasi ya nguo mpya ambayo ungeinunua. Ukija juu ya zile nyingine, ni mzigo tu umehamishwa kutoka kabati la mtu wa Ulaya kuja kwenye kabati lako, na siku ukiitupa inaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, sio la kwao.

Na hapa lazima niguse lile la kwamba mtumba unaua viwanda vyetu maana watu huwa wanaliuliza. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba pole pole ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2.5, Marekani ikakasirika na 2018 ikasimamisha ile nafasi ya nguo za Rwanda kuingia kwao bila ushuru kupitia AGOA, ule mpango wao wa biashara na Afrika. Sisi wengine tukarudi nyuma. Mimi siwezi kumwambia mama anayesomesha watoto kwa kibanda cha Karume kwamba kazi yake ni mbaya, wala siwezi kujifanya sioni kwamba tunalima pamba Shinyanga na Simiyu, sehemu kubwa inasafirishwa ikiwa ghafi, alafu tunanunua shati lililoshonwa na kuvaliwa na kuchokwa huko nje. Vyote viwili ni kweli. Ninachoweza kufanya mimi ni kwamba hela niliyookoa kwenye mtumba, sehemu yake naipeleka kwenye kitambaa cha hapa, ndo inanileta kwa fundi.

La tatu. Nilinunua krepu mita tatu kwa 6,000 kila mita, mshono 30,000, jumla 48,000. Fundi aliniambia Ijumaa, nikalipata siku ya 16. Nimelivaa mara 27 na hili ndo watu wananiuliza kila mara, umelitoa wapi.

Ukichukua daftari ukagawanya bei kwa mara ulizovaa unaona hivi: la spesho kila nilipolivaa lilinigharimu 12,500. La mtumba kama 516. La fundi kama 1,780. Kwa hela tu mtumba umeshinda, tena mbali sana. Na kama pesa ndo shida yako kubwa sasa hivi jibu lako umelipata hapo, huna haja ya kuendelea kusoma, nenda mtumba na orodha mkononi.

Ila kwangu mimi hesabu haikuishia hapo, kwa sababu nilivyojiuliza lile swali la raha naipata wapi, jibu lilikuwa kwa fundi. Napenda kule kuchagua kitambaa Mtaa wa Uhuru, kushika hiki na kile, kwenda nyumbani kufikiria shingo iwe ya mraba au ya duara, mikono ipuliziwe au ibane, marinda yaanzie wapi. Nguo moja inanipa raha ya wiki tatu kabla hata sijaivaa. Na kule kusubiri, ambako zamani kulikuwa kunaniudhi, kumenitibu, maana kitu usichokitaka kweli ukikifikiria kwanza kabla hujanunua kitambaa hamu inaisha na hujapoteza kitu.

Fundi ana matatizo yake, tusifichane. Wa kwanza niliyempa kazi mjini hapa alinikatia kitenge cha shilingi 35,000 kikatoka gauni ambalo hata kuinua mkono sikuweza. Kwahiyo fundi mpya usimpe kitambaa cha maana, mpe kitu kidogo, foronya au sketi ya nyumbani, uone mkono wake. Usimpelekee picha ya simu peke yake, mpelekee nguo yako inayokukaa vizuri apime kutoka pale. Mwambie waziwazi aache kitambaa cha ziada kwenye maungio, inchi moja kila upande, ukinenepa unaachia ukipungua unabana, gauni linaishi miaka. Mwambie apige overloki vizuri na aweke bitana kama kitambaa ni chepesi. Na Ijumaa yake wewe hesabu Ijumaa ya wiki inayofuata, usimpe kazi ya sherehe ya kesho kutwa, na kuelekea Idi na Krismasi usimpe kabisa kama hujapeleka mwezi mmoja kabla.

Kitambaa, kama unaweza, angalia pindo pale pembeni panapoandikwa kimetengenezwa wapi. Vitenge na kanga za viwanda vya Morogoro na Dar zipo, sio lazima kila siku iwe zile wax za bei ya kutisha. Na kanga jamani tunaisahau kwenye mambo haya ya fasheni. Doti moja unapata vipande viwili, unachagua rangi, unachagua jina unalotaka kulisema, unajifunga, unajitanda, unabebea mtoto, unamzawadia mama mkwe, haipitwi na wakati. Shangazi ana kanga ambazo zina umri mkubwa kuliko mimi na bado jina linasomeka.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kinajaza makabati yetu kuliko spesho na mtumba vikiunganishwa, nacho ni sare za sherehe. Harusi moja ina kitchen party, ina sendoff, ina harusi yenyewe, na kila moja ina rangi yake na kitambaa chake. Ukiwa ndugu wa karibu unashona tatu. Mwaka juzi nilikuwa na sare tano, na kati ya hizo zilizovaliwa tena ni sifuri. Kitambaa cha leisi ya kung'aa ile ya zambarau ukikivaa ofisini watu watakuuliza unatokea wapi. Na kukataa sare si rahisi, kwetu kukataa sare ni kama umekataa sherehe, bibi harusi ataikumbuka miaka yote.

Nimejaribu njia tatu hapo. Ya kwanza kutoa mchango na kuvaa nguo yangu ya rangi inayokaribia, nilifanya mara moja kwa rafiki wa kazini na haikuwa shida, kwa ndugu nisingethubutu. Ya pili, nikiwa kwenye kamati, nilishauri tuchague rangi badala ya kitambaa, yani kila mtu avae chochote cha kijani alichonacho au akashone anachotaka, kina mama wawili walipinga mwanzoni kwamba tutaonekana hatujapangana, siku yenyewe picha zilipendeza na waliookoa hela walikuwa wengi. Ya tatu ndo ninayoitumia zaidi, kitambaa cha sare nakipokea lakini nashona vipande viwili, blauzi na sketi, sishoni gauni. Blauzi ya kitenge naivaa na jinzi Ijumaa ofisini, sketi naivaa na fulana nyeupe, tayari sare moja imekuwa nguo tatu. Kama kitambaa ni leisi namwomba fundi aniwekee kwenye mikono na shingo tu, mwili mzima awe krepu ya kawaida.

Kuna na kuazimana. Shangazi akisikia anasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na namwelewa, kizazi chake kuazima kulikuwa ni kutangaza kwamba umekosa. Lakini mimi na wadogo zangu wawili tunavaa karibu saizi moja, tumekubaliana nguo za sherehe ni za wote, ukichukua unarudisha imefuliwa na imepigwa pasi, ukiharibu unapeleka kwa fundi wewe. Kukodi nako kupo kwa magauni ya harusi na suti, kwa kitu utakachovaa siku moja maishani naona ni akili, kwa cha kila mwezi ni hela inapotea.

Kwahiyo uchague kipi? Inategemea wewe ni nani. Kama una watoto wanaokua, mtumba bila kufikiria mara mbili, mtoto anaacha nguo kabla haijachakaa, ukimaliza unampa jirani. Kama kazi yako ina sare rasmi, nesi, mwalimu, mlinzi, za kutokea unazohitaji ni chache sana, nenda kwa fundi ushone mbili tatu za maana zinazokutambulisha. Kama raha yako ni kuwinda, usijinyime, nenda Karume au Tandika, Moshi nenda Memorial, Nairobi nenda Gikomba au Toi, lakini beba hela ya nguo moja tu mfukoni na simu usiiweke salio, utawinda saa tatu na utatoka na moja iliyo bora kweli. Kama raha yako ni kuonekana na kitu kipya, hapo usidanganyike kwamba nguo nyingi zitatosha, jaribu kubadilisha vingine kwanza, kilemba, mkanda, hereni, kuvaa gauni lile lile na koti juu, watu hawahesabu gauni kama unavyodhani. Na kama mwili wako unabadilika sasa hivi, umejifungua au unaumwa au unapungua, usishone kabisa kwanza, vaa mtumba mpaka utulie. Wanaume nawaachia hili tu, suruali moja ya fundi inayokaa vizuri inazidi tatu za dukani, na mashati ya mtumba ya pamba hayana mpinzani.

Mgawanyo wangu mimi kwa sasa ni 40,000 kwa mwezi, ambayo ikibaki inaingia mwezi unaofuata. Fundi nguo nne kwa mwaka, ukitoa sare. Mtumba mara moja kila miezi miwili na orodha. Spesho ni suruali na za ndani tu, nazo naenda mwenyewe dukani mchana. Marekebisho sijayawekea kikomo, kushusha pindo, kubadilisha zipu, kubana mkono, fundi nampelekea hata kila wiki, kwa sababu nguo nyingi nilizokuwa naziona zimeisha zilikuwa zinataka 3,000 tu. Nilizo nazo sasa ni 51. Sijafika 30 kama nilivyotaka mwanzoni na nimeacha kuikimbiza hiyo namba, maana kila asubuhi nikifungua kabati nachovaa nakipenda.

Mwezi ujao tuna sendoff Morogoro, rangi ni chungwa iliyoiva, kitenge nimeshapokea yadi sita. Vipimo fundi kanichukua juzi. Nimemwambia sketi iwe ya marinda ifike chini ya goti, blauzi isiwe na kola, na kipande kitakachobaki anishonee kilemba.